Nimeng'olewa gego Jumatatu, leo maumivu yamepanda hadi sikioni

Mama Shiru, Kayole (Jumatano, saa moja usiku)

Habari zenu. Jumatatu saa tano asubuhi niling'olewa gego la mwisho la chini, upande wa kulia, kliniki moja ya mjini. Ganzi ilishika vizuri na jino likatoka bila shida. Nikapewa shashi niume nusu saa, vidonge vya paracetamol, na neno moja: "Usisukutue leo." Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza kwa nini.

Saa nane nilikuwa Muthurwa nauza uji kama kawaida. Kila nikisikia ladha ya damu, natema. Jioni jirani akaniletea maji ya moto yenye chumvi, akaniambia nisukutue kwa nguvu ili uchafu utoke. Nilisukutua mara nne. Jana nilikuwa na nafuu kabisa. Leo tangu alfajiri maumivu yamerudi, makali kuliko ya jino lenyewe, yanapanda hadi sikioni. Nikimulika kwa simu naona shimo tupu, la kijivu, na kinywa kinanuka. Sijavimba. Nanyonyesha mtoto wa miezi saba, kwa hivyo naogopa kumeza dawa ovyo. Nirudi, au ningoje lijifunge lenyewe?

Fundi wa Umoja

Pole sana mama. Rudi, usingoje. Mimi nilivuta sigara jioni ile ile niliyong'olewa, na siku ya tatu nikaona cha mtema kuni. Nilimeza antibiotiki zilizobaki za ndugu yangu siku mbili nzima, hazikusaidia chochote. Mwishowe nikapanda bodaboda kwenda kwa daktari, na kila tuta la Outer Ring nililisikia sikioni. Aliosha shimo, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu. Kabla sijafika stejini kurudi nyumbani uchungu ulikuwa umeshuka.

Kijana wa Roysambu

Kama dawa ni karafuu, si asage aweke mwenyewe? Nyanya yangu hufanya hivyo. Wengine husukutua na pombe kali.

Afisa wa meno, Eastlands

Mama Shiru, mimi ni afisa wa afya ya kinywa, mwaka wa 11 sasa. Sijakuona kinywani kwa hivyo siwezi kuapa, lakini ulivyoeleza ndivyo lilivyo shimo kavu: siku ya pili au ya tatu, maumivu ya kupanda sikioni, shimo tupu, harufu, bila uvimbe. Usijilaumu. Uliambiwa usisukutue bila kupewa sababu, na hilo linaniuma, maana sababu yenyewe inaelezeka kwa dakika moja.

Jino likitoka huacha shimo ndani ya mfupa wa taya. Damu hujaa humo na kuganda. Donge hilo ndilo linaloufunika mfupa na mishipa ya fahamu, na ndimo nyama mpya inamoanza kuota. Saa 24 za kwanza huwa halijashika sawasawa. Ukitema kwa nguvu, ukisukutua, ukinyonya soda kwa mrija, linang'oka. Sigara ina ubaya wa ziada, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Miraa pia huwa nawakataza wagonjwa wangu. Donge likishatoka, mfupa unabaki wazi, na hewa, chai na makombo vyote vinaugusa. Kwa meno mengine shimo kavu huwapata watu 2 hadi 5 hivi kati ya 100, lakini kwa gego la mwisho la chini kama lako ni wengi zaidi.

Ile ladha ya damu siku ya kwanza ni kawaida, unameza mate tu. Ikitiririka, kunja shashi safi, iweke juu ya shimo, uma dakika 30 bila kuchungulia. Kama huna shashi, chukua kifuko cha majani ya chai, kilowanishe, kikamue, kisha uking'ate. Chai husaidia damu kuganda. Isipokoma, hospitali.

Kijana wa Roysambu, nyanya yako ana hoja: mafuta ya karafuu yamo kwenye dawa tunayoweka. Lakini unga wa karafuu ukiingia kwenye mfupa ulio wazi ni kama mchanga kwenye jicho, na mafuta yenyewe yakiwekwa bila kipimo huunguza ufizi. Pombe usimshauri mtu kabisa.

Dawa, mama: paracetamol na ibuprofen zote zinakubalika kwa anayenyonyesha. Ibuprofen meza ukiwa umekula, na kama una vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo, uliza kwanza. Aspirini iache. Antibiotiki haziponyi shimo kavu, ndiyo maana Fundi hakupata nafuu.

Kesho asubuhi rudi pale pale. Wataliosha shimo na kuweka dawa, pengine zaidi ya mara moja. Lakini usiku huu ukianza kuvimba chini ya taya, ukapata homa, kinywa kikakataa kufunguka au kumeza kukawa kugumu, usingoje kupambazuke. Hospitali ya Mama Lucy iko karibu nawe.

Mama Shiru, Kayole (Ijumaa, saa tatu asubuhi)

Asanteni sana. Jana nilirudi, wakaosha, wakaweka dawa, nikalala usiku mzima na mtoto wangu. Sasa naruhusiwa kusukutua? Na chakula je?

Afisa wa meno, Eastlands

Nimefurahi sana kusikia. Sasa sukutua, ila polepole: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula. Inamisha kichwa huku na huku, kisha achama maji yatoke yenyewe. Kula uji uliopoa, viazi vya kuponda, mayai, ndizi, na utafunie kushoto. Githeri ingoje, punje huingia shimoni. Ufizi utafunika baada ya wiki 3 au 4, mfupa wa ndani huchukua miezi. Na kama wameacha kitambaa chenye dawa mle, usikivute mwenyewe. Walikupa siku ya kurudi?

Mama Shiru, Kayole

Jumatatu saa mbili. Safari hii dada yangu atakaa kwenye uji.