Nani kawadanganya kwamba wanamuziki wa zamani walikuwa wanaheshimiwa?

Wakuu mtanisamehe, hii naileta ikiwa bado ya moto. Nimechoka na hii kauli ya "nyie wa leo mmejishusha wenyewe, wenzenu wa zamani walikuwa wanakaa na wafalme". Juzi kati kanitupia mzee mmoja wa kamati ya harusi, bendi tumepiga toka jioni, tunaulizia chakula tunaambiwa tusubiri wageni wamalize, halafu na suti yake ananisomesha habari za Mozart, yule mtunzi wa muziki wa Ulaya wa karne ya 18. Mozart! Angejua Mozart alikuwa anakula wapi asingefungua mdomo.

Alikuwa anakula na wapishi. Mwaka 1781 bosi wake Colloredo, Askofu Mkuu wa Salzburg, alimwita Vienna, na Mozart mwenyewe akamwandikia baba yake kwamba pale mezani watumishi wawili wa chumbani kwa askofu ndio wanakaa mwanzo wa meza, yeye angalau kapata heshima ya kutangulia wapishi. Ana miaka 25, Ulaya imeshamjua toka yuko mtoto. Anakatazwa kwenda kupiga nyumba nyingine ambako Kaisari mwenyewe yupo, hela inapita hivi anaiona. Alipong'ang'ania kuacha kazi, mwezi wa sita Arco, mmoja wa wakubwa wa nyumba ya askofu, akamtoa mlangoni kwa teke la makalio, na simaanishi teke la maneno. Na hao wafalme mnaowasema, Maria Theresa, mtawala wa Austria, alimpokea ikulu 1762 akiwa mtoto wa miaka sita, wakafurahi naye, ila 1771 mwanae Ferdinand kule Milan alipotaka kumpa ajira, mama akamwandikia asijitwishe watu wasio na faida wanaozurura duniani kama ombaomba. Haya, kaeni na wafalme.

Tuje kwa Haydn, mtunzi mwingine wa Austria, ambaye kusema kweli alipata bosi wa afadhali. Mkataba wake na Esterházy, ukoo wa wakuu wa Hungary, wa tarehe 1 Mei 1761 upo, sio stori za kijiweni. Gulden (hela ya huko enzi hizo) 400 kwa mwaka, avae sare ya nyumba, soksi nyeupe, shati jeupe, nywele zipakwe poda na kufungwa mkia au avae wigi, na ahakikishe wenzake wote wako hivyo hivyo. Kila siku, kabla ya mchana na baada ya mchana, akasimame chumba cha kusubiria aulize kama mkuu anataka muziki leo au hataki. Na anachotunga ni mali ya mkuu, haruhusiwi kutoa nakala wala kumtungia mtu mwingine bila ruhusa, nyie mnaolia na lebo zenu hapa mjini someni hiyo vizuri. Mkuu aliyefuata, Nikolaus, alikuwa anapenda kupiga baryton, chombo cha nyuzi ambacho wengi wenu hamjawahi hata kukiona, basi Haydn akamtungia trio (muziki wa wapigaji watatu) zaidi ya 120 za chombo hicho kimoja. Kichwa kama kile!

Halafu 1772 okestra imebanwa kasri la Eszterháza kupita muda waliotarajia, wake zao wako mji wa Eisenstadt, na hakuna wa kumfuata mkuu amwambie tumechoka tunaomba kwenda nyumbani. Ikabidi Haydn atunge simfoni, muziki mrefu wa okestra nzima, ambayo mwishoni mpigaji mmoja mmoja anazima mshumaa wake anaondoka, mpaka zinabaki violini mbili tu. Mkuu akaelewa, wakaruhusiwa. Watu huwa wanaihadithia hii huku wanacheka, mimi inaniuma, watu wazima wenye familia wanaomba likizo kwa maigizo.

Bach je, yule mtunzi wa Kijerumani? 1717 kataka kuhama mji wa Weimar aende Köthen kwenye kazi nzuri zaidi, mtawala wake Wilhelm Ernst akamweka ndani kuanzia tarehe 6 Novemba mpaka 2 Desemba, kosa lake kuomba kuacha kazi kwa kiburi. Baadae yuko Leipzig, 1730 anamwandikia rafiki yake kwamba sehemu ya kipato chake inategemea mazishi, maana analipwa kwa muziki wa msibani, hewa ikiwa nzuri watu hawafi, na mwaka uliopita kapoteza zaidi ya taler (hela yao) 100 hivyo hivyo. Yaani baba wa watoto kibao anakaa anaangalia hali ya hewa.

Na hao ni wenye ajira! Wa kutangatanga sitaki hata kuwagusa sana, Ujerumani ya karne ya 13 sheria za Sachsenspiegel zilisema mpiga muziki wa mtaani akidhulumiwa fidia yake ni kivuli cha mtu, ndio, kivuli, uende nacho sokoni kama kitanunua unga. Uingereza 1572 mwimbaji asiye na lodi, yaani bwana mkubwa, wa kumdhamini anahesabiwa mzururaji, anachapwa viboko na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto.

Najua atakuja mjuaji hapa chini na Farinelli, yule mwimbaji wa Italia, kwamba toka 1737 alikaa ikulu ya Hispania, tajiri, mfalme hataki kulala bila kumsikia. Sawa. Farinelli alihasiwa utotoni ili sauti isivunjike, kama hiyo ndio heshima mnayoitamani basi mpelekeni mtoto wenu.