Naomba ushauri: kuunganisha shule ya kata na mafundi wa mtaani, Ifakara

Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya kata hapa Ifakara. Tangu ada ifutwe 2016 watoto wanaingia kidato cha kwanza kwa wingi, jambo jema sana. Kinachoniumiza ni wale wanaomaliza kidato cha nne bila nafasi ya kuendelea. Wengi huishia kubeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga, au kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku.

Tunataka kukubaliana na gereji, wachomeleaji na mafundi cherehani wawapokee wanafunzi wakati wa likizo, mzazi akijua na mwalimu akifuatilia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini, kwa hiyo njia ipo. Baadaye waunde kikundi, waombe ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Katika zile asilimia 10 za mapato ya ndani zinazotengwa kwa mikopo hiyo, asilimia 4 ni za vijana.

Sasa, mtoto akiungua kwenye kuchomelea, gharama ni za nani? Mkataba asaini mkuu wa shule au mkurugenzi wa halmashauri? Na mabinti tuwalindeje? Hili linaninyima usingizi, siwezi kumpeleka mtoto wa mtu kwenye karakana ambayo hakuna mtu mzima ninayemwamini. Waliowahi kufanya kitu kama hiki, hata kama kilikwama, nielezeni mlianzaje na mafundi mliwalipa nini.