Kwa nini jamii za asili zinagomea migodi hata zikiahidiwa fidia?

mdadisi_tu: Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa, kila nikisoma habari za migodi na visima vya mafuta naona kampuni inakuja na ahadi za ajira, shule, barabara, halafu wenyeji wanagoma. Kama fidia ipo na mrabaha upo, tatizo liko wapi? Au wanajazwa maneno na wanaharakati? Siulizi kwa ubaya.

Mto_Haulali: Fidia ya nini sasa mkuu? Wanalipia nyumba na mashamba, mto hakuna anayeulipia. Angalia Wayanomami wa Amazoni, wachimbaji dhahabu wanatumia zebaki kunasa dhahabu, wakiichoma nyingine inaenda hewani nyingine inaishia mtoni, huko vijidudu vinaigeuza sumu kali zaidi inaingia kwa samaki, na samaki anayekula wenzake ndo anabeba nyingi kuliko wote. Mjamzito akimla, ubongo wa mtoto tumboni unaharibika. Januari 2023 Brazili ilitangaza dharura ya afya kule, njaa na malaria navyo vilishawamaliza watu.

mdadisi_tu: Hao si wachimbaji haramu? Mi naongelea kampuni zenye vibali.

jiwe_kuu: Vibali, haya. Mei 2020 kule Australia kampuni ya madini ya Rio Tinto walilipua mapango ya wenyeji ya Juukan Gorge wapate chuma, mapango yenye ushahidi kwamba watu walikuwepo miaka 46,000 iliyopita, na kibali halali mkononi!! Kelele zikawa nyingi mpaka mkurugenzi mkuu akaachia ngazi. Mapango ndo basi tena.

Bi_Tabasamu: Si wote wanaogoma jamani, wapo wanaokubali wakiona mkataba unaeleweka. Shida ni kuitwa kikaoni wakati matrekta yameshafika. India mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliagiza vijiji vyenyewe viamue kuhusu milima ya Niyamgiri, kampuni ya Vedanta walitaka bauksiti (mawe ya kutengenezea alumini), wenyeji wa pale, Wadongria Kondh, wanaabudu hapo. Vijiji 12 vikakaa, vyote 12 vikakataa, mgodi ukafa. Hapo ndo unajua watu waliulizwa kweli, maana hapana yao ilihesabika.

mdadisi_tu: Kumbe. Ila si kuna azimio la UN la 2007 linalotaka ridhaa yao kwanza?

Bi_Tabasamu: Lipo, ila azimio halimfungi mtu. Linalofunga ni mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 169 wa 1989, na nchi zilizouridhia hata 30 hazifiki, nyingi za Amerika ya Kusini na Kati. Nao unadai zaidi kushauriana, kukataa ni mpaka upate mahakama yenye ubavu.