Eti niseme ASANTE! Mnaomjua yule jamaa wa vitu vya kale, njooni hapa

Wakuu, nimeshuka Kimara sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua. Kila anayekusanya vitu vya kale Dar hii anamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa shati la kaki. Yule wa "kitu orijino kabisa ndugu yangu, hakijaguswa". Leo kanifanyia jambo ambalo hata adui wa ukoo asingenifanyia.

Wiki tatu silali kwa sababu ya bastola yake moja, Colt Woodsman ya risasi ndogo za .22, kaachiwa na mjomba wake, karatasi zote zipo. Kwa msioijua: aliyeibuni ni John Browning, kampuni ya Colt wakaanza kuitoa 1915, jina la Woodsman wakalipachika 1927, wakafunga hesabu 1977. Ya huyu ni ya lile toleo la kwanza lililoishia 1947. Mtutu mwembamba kama kidole cha bibi harusi. Kwenye picha aliyonitumia ilikuwa na rangi yake ya kiwandani, ule weusi wenye bluu kwa ndani, umepauka kwenye kingo pale ilipokuwa inasuguana na mkoba wa marehemu. Na vidoa viwili vitatu vya kutu, kama matone ya chai. Wakuu, ule mpauko ndio tunaolipia sisi! Ndio umri wake ule!

Bei tulifika milioni tatu na nusu. Hela ya bati hiyo. Nimekaa nawaza ninunue, nisinunue, mama watoto keshanuna mpaka basi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kanizoea kwa ajili ya hizo barua za kibali mpaka ananiita mwanangu.

Leo tukakutana dukani kwa wakala wa silaha, mjini, niione kwa macho. Jamaa anafungua kitambaa taratibu kama anafunua mtoto mchanga.

INANG'AA.

Wakuu, inang'aa kama sufuria ya shughuli! Ungeweza kunyolea ndevu! Yule farasi wa Colt aliyechorwa ubavuni amebaki kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikauliza kwa sauti ya mgonjwa, kaka, imepatwa na nini? Akacheka meno yote nje: "Ilikuwa na kutu bwana. Nimepiga stilwaya, pale pagumu nikapitisha msasa. Imekuwa mpya. Ongeza laki tatu. Halafu sema asante."

Sema asante.

Mtu kachukua stilwaya, kitu cha kutolea masizi, kaua rangi iliyovumilia chumvi ya bahari ya mji huu miaka yote hiyo, halafu ananyoosha kiganja anasubiri ASANTE! Mbele ya wakala! Mbele ya kijana aliyeleta kahawa, naye akacheka! Nilisimama pale kinywa wazi, nzi wangejenga. Njia nzima nimesimama kwenye basi nasikia lile neno tu. Sema asante. Mama mmoja kaniuliza mwanangu umefiwa? Nikamwambia ndiyo mama.

Ninunue au nisinunue? Semeni. Lakini kwanza semeni na nyie, hivi kweli asante?

Kiroboto wa Keko: Uzi wa bastola bila picha ni chai. Hii ina tangawizi kabisa.

Babu Ngolo: Namjua huyo. Mimi aliniuzia saa ya mezani "haijaguswa". Nafungua nyuma nakuta imefungwa na uzi wa kushonea.

mpole_wa_Tabata: Milioni tatu na nusu kwa kabastola ka .22? Mkuu, maliza kwanza nyumba. Mvua za masika zikija utajifunika hiyo Colt?

Fundi Mtutu: Mleta mada tulia nikuulize. Aliifyatua tupu, bila risasi, mbele yako?

Mleta mada: Mara tano mkuu! Tak tak tak tak tak! Eti nisikie ilivyo laini! Halafu ndio akasema niseme asante!

Fundi Mtutu: Basi sikiliza. Risasi ya .22 haina kile kidude cha kuwashia katikati ya kitako. Baruti ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, kwa hiyo pini inapiga ukingoni. Chemba, pale risasi inapokaa, ikiwa tupu, kwenye bastola nyingi za zamani pini inaishia kugonga mdomo wa chemba, inautia kovu. Kovu likiwa kubwa, risasi zinakwama au hazilipuki. Kaombe tochi uangalie pale. Na kama imetengenezwa kabla ya 1932, usije ukaiwekea risasi za kasi kubwa, ile sehemu ya nyuma ya mshikio inayobeba springi haikutengenezewa hizo. Hapo ndipo pa kuumia, siyo mng'aro.

Mleta mada: Nimekuelewa fundi, lakini mtu anakuharibia kitu halafu anadai shukrani!

Afande Mstaafu: Mimi nauliza moja tu. Huo msasa umepita kwenye namba ya silaha? Maana namba ikififia, hiyo siyo bastola ya kukusanya tena, hiyo ni kesi. Itahamishwaje kwenda kwenye leseni yako wakati namba kwenye chuma na namba kwenye karatasi haziwezi kulinganishwa? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haijui mambo ya mjomba. Usitoe hata shilingi, waachie polisi waikague kwanza, tena yeye akiwepo.

Mleta mada: Namba sikuiangalia. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Kiroboto wa Keko: 😂😂😂 Mwanaume wa Kimara analilia stilwaya. Nimekaa paleee.

Binti Mwembe: Mcheke tu. Mimi namuelewa. Bibi yangu alikuwa na kasha la Kizanzibari, la misumari ya shaba, la tangu harusi yake. Nimesafiri wiki moja tu. Narudi nakuta kaka yangu kalipaka rangi ya mafuta, KIJANI, misumari na yote. Anasema limependeza, linafanana na geti.

Babu Ngolo: Kijani??

Binti Mwembe: Kijani cha geti babu. Bibi aliligeuzia mgongo mpaka leo.

mpole_wa_Tabata: Hiyo ni afadhali, rangi inakwanguliwa pole pole. Mimi baiskeli ya marehemu baba, Raleigh ya mwanamume, mashine kweli ile. Nimempa fundi Buguruni akaze breki. Kaipulizia rangi ya fedha, kang'oa nembo ya kichwani, kaweka kengele ya plastiki inayolia kama paka. Nikalia kweli.

Kiroboto wa Keko: Wewe si ndiye ulikuwa unamwambia mwenzio amalize nyumba?

mpole_wa_Tabata: Usinifananishe na mambo ya bastola. Baiskeli ile baba alinibeba nayo kwenda shule.

Chuma Chakavu: Raleigh mnaipamba tu. Phoenix ndiyo ilikuwa baiskeli. Gunia mbili za mkaa na mke juu, haipindi.

mpole_wa_Tabata: Phoenix ya Mchina unailinganisha na Raleigh ya Nottingham? Una homa wewe.

Chuma Chakavu: Nottingham ilikusaidia nini kwenye tope la Jangwani? Fremu ya Phoenix nzito, ndiyo maana ilidumu.

Afande Mstaafu: Nimepanda zote mbili kazini. Raleigh kwa mwendo, Phoenix kwa mzigo. Mwisho wa ubishi.

Babu Ngolo: Haujaisha. Taa je? Dainamo ya Raleigh ilikuwa inamulika mpaka ng'ambo ya pili.

Mleta mada: Wakuu naomba turudi kwenye mada. Amenitumia ujumbe sasa hivi, anasema kuna mteja mwingine na kesho anaipiga polishi ya viatu iongezeke kung'aa. Nifanyeje?

Chuma Chakavu: Hiyo dainamo Babu, uliipata wapi? Natafuta moja mwaka wa pili huu.

Babu Ngolo: Ninayo hapa uvunguni. Ina kutu kidogo.

Chuma Chakavu: Iache hivyo hivyo, usiiguse! Nakuja Jumamosi.