Tabora: uniti 75 za umeme wa bei nafuu zihesabiwe kwa mita au kwa kaya?

Mkazi wa Ng'ambo: Kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kinawaumiza wapangaji. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa D1, kundi la matumizi madogo, analipa sh. 100 kwa uniti hadi ya 75. Wa T1, kundi la kawaida la wanaozidi kikomo hicho, analipa 292. Ongeza VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, zinakuwa 122 na 356. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja, kila kaya ikitumia uniti 15 tu za taa, redio na simu. Jumla ni uniti 90, mita inaangukia T1, na kila kaya inalipa sh. 5,340. Ingekuwa na mita yake ingelipa 1,830. Anayebebeshwa bei ya juu hapo ndiye mwenye matumizi madogo kuliko wote. Kikomo kihesabiwe kwa kaya.

Fundi Kitete: Naunga mkono, ila tusidanganyane na zile mita ndogo za ndani. Zinagawa gharama, hazibadili kundi. Inatakiwa mita ya TANESCO kwa kila mpangaji, na hapo waya za kila chumba zitenganishwe kuanzia kwenye mein switchi. Nyutro za vyumba viwili zikichanganywa, breka ya kuzuia mtu kupigwa na umeme (RCD) inaruka kila mara na watu wanalaumu mita. Gharama hiyo ni ya mwenye nyumba.

Mkazi wa Ipuli: Fundi, mwenye jumba lake ataomba mita tatu, moja ya friji, moja ya pampu, moja ya taa, na zote zitakaa D1. Bei hiyo nafuu inafidiwa na wateja wengine. Napinga.

Mama Cheyo: Ndugu wa Ipuli, hofu yako ina msingi, lakini mnajadili taa wakati mzigo uko jikoni. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kilo moja ya gesi ina karibu uniti 12.8 za joto. Jiko linafikisha kama nusu yake kwenye sufuria. Koili ya umeme inafikisha karibu robo tatu, ikiwa kitako cha sufuria ni bapa. Kwa hiyo kilo moja ya gesi ni sawa na uniti 9 hivi: sh. 3,200 kwa T1, 1,100 kwa D1. Gawanya bei ya kujaza mtungi kwa kilo zake. Ikizidi 3,200, umeme ni nafuu hata kwa T1. Na mtungi upimwe mbele yako: uzito mtupu umegongwa juu yake, jumlisha kilo 6 au 15 za gesi.

Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku kucha yanakula karibu nusu uniti kwenye jiko la presha la umeme. Kwenye koili wazi yanaweza kupita moja na nusu. Jiko la induksheni halipashi moto sufuria zetu za alumini, msinunue kabla ya kujaribu sumaku kwenye kitako.

Mkazi wa Ng'ambo: Ipuli, funga mita kwa namba ya NIDA, mtu mmoja D1 moja, na mtendaji wa mtaa athibitishe kuwa kaya ipo. Mita ya pampu haina kaya.

Mkazi wa Ipuli: Kwa sharti hilo nakubali, mtendaji akihakiki kila mwaka. Wapangaji huhama.