Notepad: nahifadhi index.html lakini brauza inaonyesha msimbo badala ya ukurasa

tarakimu_mbili:
Habari wakuu. Natumia Windows 10, naandika ukurasa wa HTML kwa Notepad. Wakati wa kuhifadhi naandika jina index.html, na kwenye folda naliona hivyohivyo. Nikilibofya mara mbili linafunguka kwenye Notepad. Nikiliburuta hadi kwenye brauza, naona msimbo mtupu, tagi zote zikiwa wazi. Nimebadilisha jina na kuandika .html upya, hali ni ileile.

La pili: kuna faili jingine la HTML ambalo linafunguka vizuri, ila likishapandishwa kwenye seva neno ng’ombe linasomeka ngâ€™ombe. Hili ni tatizo lilelile au ni jingine?

Kibodi_Nyeusi:
Bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kwenye "Opens with" chagua brauza yako. Basi.

msimbo_safi:
Mkuu Kibodi, hapo utakuwa umeongeza tatizo. Ukifanya hivyo, kila faili la .txt kwenye kompyuta litaanza kufunguka kwenye brauza, na ukurasa bado utaonekana kama maandishi matupu. Kinachoamua hapa ni jina kamili la faili, na jina hilo Windows inakuficha sehemu yake ya mwisho.

Tarakimu, buruta faili kwenye brauza tena, kisha usisome ukurasa, soma anwani iliyo juu. Utakuta inaishia na index.html.txt. Windows ikikutana na kiendelezi inachokifahamu, kama .txt, huwa haikionyeshi mpaka uiambie. Ndiyo maana kubadilisha jina hakukusaidia: ulikuwa unahariri ile sehemu inayoonekana tu, na .txt ikabaki palepale mkiani.

Anza kwa kuwasha viendelezi. Windows 10: fungua folda yoyote, nenda kichupo cha View, weka tiki kwenye "File name extensions". Windows 11: View, halafu Show, halafu "File name extensions". Sasa chagua faili, bonyeza F2, futa .txt ya mwisho, bonyeza Enter. Windows itakuonya kwamba faili linaweza lisitumike tena. Kubali, maana hapa unarudisha kiendelezi kinachostahili. Alama ya faili itageuka kuwa ya brauza papo hapo. Isipogeuka, angalia kama hujaacha nafasi au nukta ya ziada.

Hiyo tiki usiitoe tena. Mbali na usumbufu huu, faili la hatari linaloitwa picha.jpg.exe litaonekana kwako kama picha.jpg endapo viendelezi vimefichwa.

Kwa mafaili mapya: kwenye dirisha la Save As, chini ya jina kuna "Save as type". Ikibaki "Text Documents", Notepad huweza kubandika .txt baada ya chochote ulichoandika. Chagua "All files" kwanza, ndipo uandike jina. Njia ya mkato ni kulizungushia jina alama za nukuu, "index.html", nazo hazitaingia kwenye jina lenyewe. Ndiyo njia ninayoipendelea kwa majina kama .env, yanayoanza na nukta.

Kama mafaili yaliyoharibika ni mengi, fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo, andika `dir` uone majina halisi, kisha:

`ren *.html.txt *.`

Hiyo nukta ya mwisho ni muhimu. Ukiandika `*.html` mahali pake utapata index.html.html.

herufi_na_baiti:
La ng’ombe ni tatizo jingine kabisa, halihusiani na kiendelezi. Hiyo ’ iliyopinda, ambayo mara nyingi huja ukinakili kutoka kwenye programu kama Word, katika UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti) ni baiti tatu: E2 80 99. Brauza ikizisoma kama Windows-1252, mfumo wa zamani wa Windows, kila baiti inageuka herufi yake, ndipo unapata â€™. Faili lako ni zima. Brauza ndiyo haijaambiwa ni UTF-8.

Weka `<meta charset="utf-8">` mara tu baada ya kufungua `<head>`. Lazima iwe ndani ya baiti 1024 za mwanzo, kwa hiyo usiweke maelezo marefu kabla yake. Ikiwa bado, angalia kichwa cha Content-Type, maelezo ambayo seva huyatuma pamoja na ukurasa: kikitaja charset (mfumo wa herufi) nyingine, chenyewe kina nguvu kuliko meta, na marekebisho yafanyike kwenye seva.

Ukiona � badala ya â€™, kinyume chake ndicho kimetokea: faili limehifadhiwa kwa ANSI (jina la Notepad kwa mfumo wa zamani wa herufi wa Windows) na ukurasa unatangaza UTF-8. Lifungue kwa Notepad, Save As, kwenye Encoding chagua UTF-8. Notepad za kabla ya Windows 10 toleo 1903 zilikuwa na ANSI kama chaguo la kawaida, na UTF-8 yake ilitanguliza baiti tatu, EF BB BF, yaani BOM, alama ya mwanzo wa faili. Kwenye HTML hazina madhara, lakini kwenye .bat mstari wa kwanza hukataliwa kwa sababu ya takataka zinazosimama mbele ya @echo, na PHP hulalamika kwamba headers zimeshatumwa. Matoleo mapya yametenganisha "UTF-8" na "UTF-8 with BOM"; chukua ya kwanza.

dirisha_dogo:
Naomba kudandia hapahapa. Kwenye Mac, TextEdit inanipa ukurasa wenye msimbo vilevile ingawa faili linaishia .html kweli, nimehakikisha.

msimbo_safi:
TextEdit huanza na maandishi yenye mapambo. Kabla ya kuandika bonyeza Shift+Command+T, ambayo ni Format kisha Make Plain Text. Usipofanya hivyo, ukihifadhi kama HTML inaandika HTML yake yenyewe na tagi zako inazigeuza kuwa maandishi ya kusomwa. Ingia pia kwenye mipangilio ya TextEdit, sehemu ya Open and Save, weka tiki kwenye kuonyesha mafaili ya HTML kama msimbo, la sivyo ukilifungua tena hutaona tagi. Zima na "Smart quotes", kwa sababu `class="menyu"` yenye nukuu zilizopinda haitafanya kazi.

tarakimu_mbili:
Asanteni sana. Anwani kweli ilikuwa na .txt mwishoni, na meta imemaliza la pili. Swali dogo la mwisho: faili la hosts, lile ambalo Windows hulitumia kuoanisha majina ya tovuti na anwani za IP, nalo linanikatalia kuhifadhi.

msimbo_safi:
Bofya Notepad kwa kitufe cha kulia, "Run as administrator", kisha File, Open, uende C:\Windows\System32\drivers\etc. Folda itaonekana tupu mpaka uchague "All files", kwa sababu hosts haina kiendelezi chochote. Hariri, kisha bonyeza Ctrl+S, si Save As. Likigeuka hosts.txt, Windows haitalisoma.