Simu ya waifai yakatikakatika chumba cha ndani (nyumba ya mawe, Lamu)

BintiMkomani
Asalaam aleikum. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, hapa Mkomani. Rauta (kile kifaa cha kurusha waifai) iko msana wa mbele, yaani ukumbi mrefu, karibu na kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi. Mama analala ndani kabisa na goti halimruhusu kutoka. Kila usiku baada ya Isha kaka hupiga kwa waifai kutoka London. Mama husikia "Ma... dawa u...", kimya, halafu maneno matatu yanamwagika kwa pamoja. Anabaki kuitikia "naam, naam" na mimi naona wazi hakuelewa kitu. Inaniuma. Simu hiyohiyo nikitoka nayo kiwandani, sauti safi. Ajabu ni kwamba video zafunguka vizuri hata huko ndani. Watu wa intaneti wanataka nipandishe kifurushi kutoka megabiti 10.

FundiWaya, Malindi
Usipandishe, dada. Simu ya sauti tupu inatosheka na kilobiti 100 hivi kila upande. Video hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa, kwa hivyo pakiti (kipande kidogo cha data) ikipotea hutumwa tena na wewe hujui. Simu haiwezi kungoja. Pakiti iliyochelewa hutupwa, na hayo ndiyo maneno anayoyakosa mama. Kaa kitandani kwake utume pingi 100 (vijumbe vya kujaribu, vya kwenda na kurudi) kwa rauta yenyewe, si kwa intaneti. Anwani yake aghalabu ni 192.168.1.1. Rudia kiwandani. Na waifai yako iko masafa ya gigahezi 2.4 au 5?

BintiMkomani
Niko 5. Kiwandani haikupotea hata moja, milisekunde 3 hadi 6. Kitandani kwa mama zimepotea 17, na zilizorudi nyingine zimefika 400. Nimepima pia ukuta pale mlangoni: sentimita 52. Kutoka kwa rauta hadi kwake kuna kuta tatu za namna hiyo. Dukani nimeonyeshwa kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kurefusha waifai. Nikinunue?

MzeeWaLangoni
Hapana, mwanangu. Ukikichomeka ndani kitapokea mawimbi yaleyale yaliyochoka na kuyarusha yakiwa yamechoka. Matumbawe na chokaa, tena yakiwa na unyevu, hula mawimbi, na 5 huumia zaidi kuliko 2.4. Ukihamia 2.4 utapata nafuu kidogo, lakini majirani wote wako huko. Chagua chaneli 1, 6 au 11, iliyo na watu wachache. Dawa hasa ni waya. Kebo ya mtandao, aina ya Cat 6, ya kuvumilia jua, ipite kiwandani chini ya boriti, iingie kwa juu ya mlango, na ndani uweke kituo kidogo cha waifai. Kebo hiyo hufika mita 100, kwako haitamaliza hata robo. Nakuomba sana, usitoboe ukuta, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, usiziguse.

FundiWaya, Malindi
Naunga mkono mzee. Ukimaliza, pima tena saa ileile ya Isha, si mchana.

BintiMkomani
Wiki mbili zimepita, narudi na majibu. Kebo imekula mita 18, kituo kiko juu ya kabati la mama. Pingi 100 kwa rauta, zote zimerudi. Lakini usiku sauti ikazidi kukawia! Nilipopima kwa intaneti nikapata milisekunde 900. Kumbe simu ya mpwa wangu ikifika nyumbani hupakia picha zake zote mtandaoni, na kasi yetu ya kupakia ni megabiti 2 tu, basi sauti ya mama ilikuwa ikipanga foleni nyuma ya picha. Nimeingia kwenye rauta, nikaweka kikomo cha kupakia 1.7 na simu za sauti zipite kwanza. Picha nazo zimehamishiwa alfajiri.

Jana wamezungumza dakika arubaini. Kaka hajasema lolote kuhusu afya yake, mama akamkatiza: "Mbona una mafua?"